Kamba Ana Damu, na Mkojo Wake Hutokea Kichwani



Ijumaa moja ya Kwaresima bwaloni kwetu kulikuwa na wali na mchuzi wa kamba. Si chakula chetu cha kawaida. Sisi tumezoea maharage na dagaa, na kamba wale walikuwa zawadi ya mzazi mmoja wa pwani. Kijana wa kidato cha pili aliishika sahani yake, akawatazama wale kamba, akauliza kama si kosa kuwala siku ile. Frateri aliyekuwa kwetu kwa mwaka wa uchungaji akamjibu papo hapo: “Kula, mdogo wangu. Kamba hana damu, na kisicho na damu si nyama. Hata Aristotle ameandika hivyo.” Kisha akanigeukia mimi, mwalimu wa baiolojia, nithibitishe. Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali. Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo kila mtu aliweza kuielewa apendavyo, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Tangu siku hiyo nina deni, na kuna deni jingine kubwa zaidi ambalo nitalieleza mbele. Ndugu msomaji, makala haya ni ya kulipa yote mawili.

Kuhusu Aristotle, frateri alikuwa sahihi. Mwanafalsafa huyo aliwagawa wanyama katika makundi mawili makubwa, wenye damu na wasio na damu, na kamba, kaa na jamaa zao akawaweka katika kundi la pili pamoja na pweza na wadudu. Kwake damu ilikuwa kitu chekundu. Lakini hakuwa mtu wa kupuuza alichokiona, na alikubali kwamba wanyama hao wana kimiminika kinachoshika nafasi ya damu. Kuhusu Ijumaa ile, kijana alikuwa huru kula kwa sababu nyingine kabisa: Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa inataja nyama, haitaji damu, na kwa desturi yetu ya Kilatini samaki na viumbe vingine vya majini havihesabiwi nyama. Yaliyobaki waulizeni walimu wa sheria. Mimi narudi kwa kamba.

Kamba ana damu, tena nyingi. Kwa mtu mzima damu ni kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wa mwili. Kwa kaa inaweza kufika robo ya uzito wake au hata kuzidi. Hatuioni kwa sababu haina rangi tuliyoizoea. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, ambayo hubeba oksijeni kwa msaada wa madini ya chuma. Kamba, kaa na kambakoche wanatumia kitu kingine kiitwacho himosianini, na humo ndani badala ya chuma mna shaba. Atomi mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni. Himosianini isiyo na oksijeni haina rangi. Ikishika oksijeni hugeuka buluu hafifu, kama maji yaliyosuuziwa nguo yenye wino. Ndiyo maana ukivunja mguu wa kaa aliye hai unaona majimaji tu, na ukiyaacha hewani kwenye kisahani cheupe yanaanza kuwa na ubuluu. Mbelgiji Léon Fredericq ndiye aliyeipa himosianini jina hilo mwaka 1878, alipokuwa anachunguza damu ya pweza.

Tofauti nyingine ni kwamba himoglobini yetu imefungwa ndani ya chembe nyekundu, wakati himosianini ya kamba imeyeyuka moja kwa moja katika maji ya damu. Chembe zilizomo katika damu ya kamba zina kazi nyingine: kupambana na vijidudu na kuziba majeraha. Damu hiyo huganda upesi sana, na ni lazima iwe hivyo, maana mnyama ambaye damu yake haimo ndani ya mishipa angekwisha kwa kidonda kimoja. Kaa ana kinga ya ziada. Akishikwa mguu na adui anaweza kuukata mwenyewe mahali maalumu karibu na shina, na mahali hapo pana kiwambo kinachojifunga mara mguu unapotoka. Wavuvi wanalijua hili vizuri, kwani mara nyingi wamebaki na gando mkononi na kaa ameshaingia shimoni.

Kwa kuwa tuko katika habari za Kwaresima, niongeze kidogo: himosianini ni protini, na mnyama huyu huitumia pia kama akiba. Akikosa chakula kwa muda mrefu, kiasi cha himosianini katika damu yake hupungua. Kufunga kwake kunapimika katika damu.

Sasa twende kwenye njia ya damu hiyo. Moyo wa kamba hauko kifuani kwa mbele kama tunavyodhani moyo unapaswa kuwa. Uko mgongoni, chini ya sehemu ya nyuma ya lile gamba kubwa linalofunika kichwa na kifua vilivyoungana. Ukimshika kamba kama mpishi anayetaka kumvunja kichwa, kidole gumba chako kiko karibu kabisa na moyo wake. Moyo wenyewe ni mfuko mmoja wa misuli, hauna vyumba vinne kama wetu, na umening’inia ndani ya uwazi uliojaa damu. Umefungwa kwenye kuta za uwazi huo kwa nyuzi zinazovutika kama mpira. Ubavuni una matundu yenye vali. Kaa, kwa mfano, ana jozi tatu. Moyo unapojikaza, vali hufunga matundu, damu inasukumwa kwenye mishipa, na zile nyuzi zinavutika. Moyo ukilegea, nyuzi zinaurudisha katika umbo lake, matundu yanafunguka, na damu iliyouzunguka inaingia. Hakuna mshipa hata mmoja unaoingiza damu moyoni. Moyo umezama katika damu na kuinywa kwa ubavu.

Kutoka hapo damu huondoka kwa ateri. Ateri moja huenda mbele kwenye macho na ubongo, nyingine huenda kwenye papasi (zile ndevu ndefu), nyingine kwenye tezi kubwa ya kumeng’enya chakula, nyingine nyuma mgongoni hadi mkiani. Moja ninaipenda kuliko zote kwa ujasiri wake: inashuka wima kutoka moyoni kuelekea tumboni, inapenya katikati ya uzi mkuu wa neva, kisha inagawanyika kulisha miguu na upande wa chini wa mwili. Wanafunzi wangu wakiichora huwa wanaipitisha pembeni ya neva kwa sababu wanaona haiwezekani ipite katikati. Inapita katikati.

Baada ya ateri kugawanyika na kugawanyika tena, mishipa inakwisha. Kwetu damu ingeingia katika vishipa vyembamba sana na kurudi kwa vena. Kwa kamba inamwagika katika nafasi zilizopo kati ya viungo na kuvilowesha. Kwa hiyo tunasema mzunguko wake wa damu ni wazi, na wetu umefungwa. Vitabu vya shule huishia hapo, na mwanafunzi hubaki anadhani kwamba ndani ya kamba kuna bwawa tu la damu inayochezacheza. Sivyo. Katika kaa na kamba ateri huendelea hadi kuwa vijishipa vyembamba sana, hasa kwenye ubongo, na hata zile nafasi zina mpangilio. Damu iliyotumika hukusanyika katika mfereji mmoja upande wa chini wa kifua, inapanda kwenye matamvua, yaani yale ambayo kwa samaki tunayaita mashavu, inachukua oksijeni humo, kisha inarudi juu kwenye uwazi unaouzunguka moyo.

Hapa pana jambo ambalo mtihani hupenda kuuliza. Moyo wa samaki hupokea damu iliyochoka, isiyo na oksijeni, na kuisukuma kwenye matamvua. Moyo wa kamba hupokea damu iliyokwisha kupita kwenye matamvua, yenye oksijeni, na kuisukuma mwilini. Wote wanaishi katika maji yaleyale na wanauzwa kwenye meza moja sokoni, lakini mpangilio wao ni kinyume.

Moyo huo pia hauwezi kupiga wenyewe. Moyo wa mwanadamu ukitengwa na neva zake zote bado huendelea kupiga kwa muda, kwa kuwa misuli yake yenyewe ndiyo inayoanzisha pigo. Ndiyo maana moyo unaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Moyo wa kamba unategemea fundo dogo la neva lililo ukutani mwake. Katika kaa na kambakoche fundo hilo lina seli tisa tu za neva. Ukiliondoa, moyo unasimama. Baadhi ya kaa wakiwa wametulia mahali salama husimamisha moyo na kupumua kwa pamoja kwa muda, kisha huanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa mafrateri wanaosoma Kilatini nina zawadi ndogo. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kifupi kwa Kilatini, ambacho wengi hukiita De Motu Cordis, akithibitisha kwamba damu ya mwanadamu huzunguka. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba alikuwa anamchukua kamba mdogo anayepatikana mto Thames na baharini, mwenye mwili unaopitisha mwanga, anamweka katika maji kidogo, na kuwaonyesha rafiki zake moyo ukipiga kana kwamba wanaangalia kupitia dirisha. Mnyama ambaye Aristotle alimweka kati ya wasio na damu alikuwa mmoja wa mashahidi wa mzunguko wa damu. Unaweza kurudia jaribio hilo wewe mwenyewe. Tafuta kamba mchanga aliye hai, mwangavu, umweke kwenye glasi ya maji aliyotoka nayo, halafu mulika tochi kwa nyuma. Tazama mgongoni, pale gamba la kifua linapoishia. Kitu kinachotetemeka haraka hapo ni moyo.

Si jamaa zote za kamba zina utaratibu huu. Baadhi ya wale wadogo sana wanaoelea majini hawana moyo kabisa; mwili ukijitikisa, damu inasogea, na inatosha. Wale wenye magamba magumu wanaoganda kwenye miamba na chini ya mashua, ambao watu wengi huwadhania kuwa konokono, nao ni jamaa ya kamba, na hawana moyo. Viroboto wa maji wa madimbwini wana himoglobini, na maji yakipungukiwa oksijeni huitengeneza zaidi hadi mwili mzima unakuwa mwekundu. Aristotle angewaweka wapi hao?

Kabla ya kuondoka mgongoni niseme jambo la jikoni. Ule mstari mweusi tunaoutoa mgongoni mwa kamba kwa ncha ya kisu, ambao wapishi wengi huuita mshipa, si mshipa wa damu. Ni utumbo. Weusi wake ni mabaki ya chakula na matope. Mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliwaambia wanafunzi kuwa ni mshipa, nikachora na mshale ubaoni, na sijui ni wangapi walikwenda nao hivyo kwenye mtihani. Ateri ya mgongoni ipo, imelala juu ya utumbo huo, lakini haina rangi na hutaiona. Nayo ile rangi ya chungwa au kahawia inayotoka ukiminya kichwa si damu wala ubongo, ni ile tezi ya kumeng’enya chakula. Kichwa cha kamba kikianza kuwa cheusi baada ya kukaa, mara nyingi ni vimeng’enya vya mwili wake mwenyewe vinavyofanya kazi pamoja na hewa, kama ndizi iliyomenywa inavyobadilika rangi. Weusi huo peke yake haumaanishi kwamba ameoza. Harufu kali ya amonia ndiyo ya kuogopa.

Amonia yenyewe ndiyo inayotupeleka kwenye sehemu ya pili, yaani namna mnyama huyu anavyotoa taka za mwili.

Kila mnyama anayekula protini hubaki na naitrojeni ya kutupa, na taka ya kwanza inayopatikana ni amonia. Amonia ni sumu. Sisi tunatumia nguvu kuigeuza kuwa urea, isiyo kali sana, kisha tunaitoa kwa maji machache katika mkojo. Ndege na mijusi huigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku. Kamba hajisumbui. Amezungukwa na maji, kwa hiyo anaiachia amonia ipite moja kwa moja kwenye matamvua na kuchukuliwa na maji. Matamvua yake ndiyo kiungo kikuu cha kutoa naitrojeni. Mahali anapovutia oksijeni ndipo anapotupia taka, kwa wakati mmoja, kupitia ngozi ileile nyembamba.

Ili jambo hilo lifanye kazi maji lazima yatembee. Karibu na mdomo, pande zote mbili, kamba na kaa wana kipande chembamba kama kasia ambacho hupiga bila kupumzika na kuvuta maji kupitia chumba cha matamvua. Kwa kawaida maji huingia karibu na mashina ya miguu na kutokea mbele. Kaa akitolewa majini utamwona anatoa povu mdomoni. Watu husema ana hasira. Kasia lake linaendelea kupiga, na yale maji machache aliyobaki nayo yanachanganyika na hewa na kutoka kwa mbele kama mapovu.

Basi kama amonia hutoka kwenye matamvua, figo za nini? Kamba anazo mbili, na ziko kichwani. Kila moja imekaa kwenye shina la papasi kubwa, na tundu lake liko hapohapo, chini kidogo ya macho. Kwa jamaa zake wenye rangi ya kijani ndani, vitabu huziita tezi za kijani. Mwanzoni mwake kuna kifuko chenye ukuta mwembamba. Shinikizo la damu hukamulia maji ya damu humo ndani, na seli za ukuta huo zinafanana kwa ajabu na zile zilizo katika kichujio cha figo zetu. Kisha maji hayo hupita katika njia zenye kona nyingi, ambako vitu vya thamani kama sukari hurudishwa kwenye damu. Yanayobaki huingia kwenye kibofu, na kutoka kibofuni hupitia tundu la chini ya papasi. Kwa ufupi, kamba anakojoa kwa uso.

Kazi kubwa ya figo hizo, kwa wanaoishi baharini, ni kuhifadhi kiasi cha maji na kutoa madini yaliyozidi, hasa magnesi na salfeti ambazo maji ya bahari yamejaa. Kazi ya chumvi ya kawaida imeachiwa matamvua kwa sehemu kubwa. Kamba weupe wa pwani yetu, Penaeus indicus, huzaa baharini, lakini watoto wao hukulia kwenye mikoko kama ile ya delta ya Rufiji, ambako bahari na mto hukutana na kiwango cha chumvi hupanda na kushuka kila siku kwa maji kujaa na kupwa. Kamba mchanga asiyeweza kurekebisha chumvi ya damu yake hapo hafiki ukubwa wa kuingia sufuriani.

Kambakoche wa Marekani Kaskazini, Homarus americanus, ametumia mpangilio huu wa kichwani kwa jambo jingine. Wawili wanapopigana hurushiana mkojo usoni. Aliyeshindwa huikumbuka harufu ya aliyemshinda, na wakikutana tena hukimbia bila vita. Ni busara, ingawa sipendekezi utaratibu huo mabwenini.

Mtu anaweza kudhani kwamba anayeishi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi angekuwa na figo kali za kutoa mkojo mwepesi, kwa maana maji yanamwingia mwilini muda wote. Kamba wakubwa wa mito ya Ulaya wanafanya hivyo. Lakini mwaka 1959 mtaalamu J. Shaw alichapisha uchunguzi kuhusu kaa wetu wa maji baridi wa Afrika Mashariki, ambaye wakati huo aliitwa Potamon niloticus na leo anaitwa Potamonautes niloticus. Aligundua kwamba mkojo wake una chumvi sawa na damu yake. Anaponaje? Gamba na ngozi yake hupitisha maji kidogo mno, kwa hiyo anakojoa kidogo mno, na kile kidogo anachopoteza anakirudisha kwa kunyonya chumvi kwenye maji kupitia matamvua. Tatizo ni lilelile, lakini huyu amelitatua kwa kuziba mlango badala ya kufagia ndani. Wanaotoka kandokando ya mito inayoingia Ziwa Victoria wamewashika kaa hao utotoni bila kujua hayo.

Sasa deni la pili.

Miaka michache iliyopita nilikuwa likizo katika kigango kimoja cha pwani. Akina mama wanne wa jumuiya walikuwa wameanza biashara ya kununua kaa wa mikoko kutoka kwa wavuvi, kuwakusanya kwa siku mbili tatu, na kuwapeleka mjini wakiwa hai, kwani kaa aliyekufa hana mnunuzi. Walikuwa wanawaweka kwenye matenga, wamefungwa magando, wamefunikwa kwa majani na magunia yaliyoloweshwa. Mmoja wao, mama mtu mzima ninayemheshimu kama mama yangu, aliniuliza: “Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma mambo ya wanyama. Hawa hawateseki hivi bila maji?” Nikajibu kwa kujiamini. Nilimwambia kaa anapumua kwa matamvua, matamvua ni ya majini, kwa hiyo awaweke kwenye maji ya bahari. Walinunua mabeseni makubwa mawili. Tuliyajaza pamoja, kaa wakaingia, mabeseni yakawekwa kivulini nyuma ya nyumba.

Asubuhi karibu wote walikuwa wamekufa. Maji yalikuwa yamevurugika na yananuka. Ule ulikuwa mtaji wao wote wa wiki, na sehemu yake ulikuwa mkopo. Mama yule hakunilaumu. Aliniambia tu, “Basi mwanangu, ni bahati mbaya.” Haikuwa bahati mbaya.

Niliyowafundisha wanafunzi kwa miaka mingi yangetosha kunionya kama ningeyafikiria kwa dakika tano. Matamvua ya kaa yanahitaji unyevu ili oksijeni iyeyuke na kuingia, hayahitaji kuzama. Kaa wa mikoko amezoea maji kumkimbia kila siku bahari inapokupwa. Chumba cha matamvua yake hubaki na maji kidogo, na hewa ina oksijeni nyingi kuliko maji, mara nyingi sana. Chini ya gunia bichi, kwenye ubaridi, anaweza kuishi siku kadhaa. Ndani ya beseni, kaa wengi walikuwa wanagawana oksijeni kidogo iliyomo kwenye maji ya vuguvugu yaliyosimama, na maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Iliisha mapema usiku. Huku nyuma kila mmoja wao alikuwa anaachia amonia kwenye maji yaleyale, na maji hayakuwa na pa kwenda. Amonia ikizidi nje, ya ndani haitoki tena, na nyingine inarudi ndani. Maji ya bahari huongeza shida hiyo, kwani jinsi maji yanavyoelekea kuwa ya nyongo badala ya uchachu, na jinsi joto linavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali ile inayopenya ngozi. Wa kwanza alipokufa na kuanza kuoza, aliharakisha wengine.

Nilirudisha nilichoweza kutoka kwenye mshahara wangu, kwa awamu tatu. Lakini nilichotakiwa kufanya kwanza kilikuwa ni kumuuliza mama yule kwa nini wanatumia magunia mabichi. Baadaye nilimuuliza, akaniambia aliwaona wazee wakifanya hivyo tangu akiwa mtoto, na kwamba kaa anayekaa gizani na kwenye unyevu “hachoki.” Kisayansi yuko sahihi kabisa: kaa aliyetulia hutumia oksijeni kidogo na hutoa amonia kidogo. Njia hiyo nayo ina ukomo wake, kwa kuwa hewani amonia haitoki vizuri na hulimbikizana kwenye damu, kwa hiyo siku zikizidi anadhoofika. Akina mama wanalijua hilo pia. Hawapitishi siku ya tatu.

Wapo jamaa wa kaa waliolitatua jambo hili kabisa. Yule kaa mkubwa apandaye minazi, Birgus latro, anayepatikana kisiwani Chumbe karibu na Unguja, huishi nchi kavu, na akitumbukizwa majini kwa muda mrefu huzama na kufa. Mkojo wake huurudisha kwenye chumba cha matamvua, ambako chumvi hunyonywa tena kabla hajautupa. Naitrojeni huitoa zaidi kwa kinyesi, katika hali ya vitu vyeupe vikiwemo asidi ya yuriki, karibu kama kuku. Nao wale vijidudu wa kijivu wenye miguu mingi walio chini ya matofali mabichi, ambao wengine hujiviringisha ukiwagusa, ni ukoo mmoja na kamba. Wao huiachia amonia yao hewani kama gesi.

Nilipokwenda kigangoni Desemba iliyopita akina mama walikuwa bado wanafanya biashara yao. Mabeseni wanafulia. Nilikaa nao jioni moja tukiwafunga kaa magando kwa ukambaa, na mama yule akanionyesha namna ya kulipanga tenga: kaa wote kifudifudi, mdomo umeinama kidogo chini, ili maji waliyobaki nayo yasimwagike yote kwa nyuma. Sijaona hilo katika kitabu chochote nilichonacho. Muhula ujao nitamwomba frateri aje na kidato cha pili maabara. Tutawahitaji kamba wachanga kumi hivi walio hai, glasi na tochi, na mzazi yule wa pwani ameahidi kuwaleta.